UMOJA WA KARAKANA NDOGO

Karakana yenye mashine moja ya kukatia inayoongozwa na kompyuta hukata mbao au plastiki kwa kufuata mchoro barabara. Hata hivyo, ikiletewa kazi ya madawati 500 hulemewa, na mashine ikiharibika kazi yote husimama. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Dawa ya udhaifu huo ni umoja. Mwaka 2009, kampuni ya Marekani ya ShopBot, inayotengeneza mashine hizo, ilishirikiana na kampuni ya Ponoko, iliyoanzishwa New Zealand, kuunda mtandao wa 100kGarages. Mteja aliweza kupeleka mchoro wake kwa karakana iliyo karibu naye, ikamkatia vipande. Kilichosafiri mbali kilikuwa mchoro, si mzigo.

Umoja huo waweza kuwa ushirika, ambamo karakana zote ni wenye mali. Waweza pia kuwa wa kukodi jina: mwenye jina hutoa michoro na masharti, nazo karakana humlipa ada. Katika njia zote mbili nguzo ni nidhamu ya vipimo. Plaiwudi inayouzwa kuwa ya milimita 18 mara nyingi hupungua kidogo. Fundi asiyeipima kabla ya kukata hutoa viungo vinavyolegea, na aibu huwapata wote.

Kwa hiyo mkataba sharti utamke mapema nani atakagua kazi, na nani atalipa ikiharibika. Askari wanajua kwamba hatua mbovu ya mtu mmoja huharibu gwaride zima.