Mstari wa Katikati ya Barabara

Dereva apandaye kilima nyuma ya lori lililosheheni magunia, akauona mstari wa katikati uliokuwa umekatika vipande vipande umeungana ukawa mmoja mzima, aghalabu hunung'unika kwamba serikali inamnyima njia, ilhali hakika ya mambo ni kwamba yuko mhandisi aliyetangulia kupita hapo, akapima macho ya binadamu yafika wapi kabla ya mgongo wa kilima kuyakinga, na ushahidi wake akauandika kwa rangi juu ya lami. Hesabu yenyewe si ngumu: magari mawili yajayo ana kwa ana, kila moja kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hukaribiana takriban mita 44 kila sekunde, basi ikiwa kulipita lori kwataka sekunde 10, sharti mbele pawe peupe mita 440 na zaidi, na kilimani mara nyingi hapaonekani umbali huo.

Kwa hiyo mstari uliokatika ni rukhsa kwa mwenye hadhari, na mzima ni marufuku. Palipo na miwili sambamba, mmoja mzima na wa pili umekatika, kila dereva hufuata ule ulio upande wake, maana yamkini huyu anaona mbali na yule haoni kitu. Nami nauhesabu huu kuwa uadilifu wa kupigiwa mfano, watu wawili wa njia moja kupewa hukumu mbili kwa kadiri ya waonacho.

Huko Marekani, Edward Hines wa Michigan ndiye atajwaye kuuanzisha mstari wa katikati mwaka 1911, walakini mimi hupendezwa zaidi na tabibu June McCarroll wa Indio, California, ambaye mwaka 1917 alikabiliwa na lori lililomlazimu kuingia mchangani, na wakubwa wa barabara walipomsikiliza pasipo kutenda neno, yasimuliwa kuwa alitwaa rangi nyeupe akauchora kwa mkono wake. Jimbo zima likaufuata mwaka 1924.

Usiku rangi peke yake haifai kitu, ndipo hunyunyiziwa chembe za kioo ingali mbichi, zipate kumrudishia dereva mwanga wa taa zake.

Na avukaye daraja la Rusumo kutoka Tanzania kuingia Rwanda, mstari aliouacha mkono wa kulia humjia mkono wa kushoto, kwa kuwa huko, kama vile Burundi na Kongo, magari hushika kulia. Hukumu zake ni zile zile, ila usukani wa gari lake uko kulia, umemweka ukingoni mbali na mstari, hata akitaka kulipita lori hana budi kumwuliza utingo aliyeketi kushoto kama mbele ni salama.