Piki Inayoruka-ruka: Tengeneza Mbele ya Kununua

Ndugu motari, barabara ya Minova kupanda Numbi unaijua: mawe, mashimo, matope. Ukibeba gunia ao mama na mtoto, piki inagonga chini, na mgongo unauma. Utasema, "Nitanunua amortisere mpya." Na makuta ya masomo itatoka wapi?

Anza na kisicho na bei. Piki nyingi zina pete ya kuzungusha kwenye resori za nyuma. Ukipakia mzigo, izungushe kwa ufunguo ili resori ibanwe, piki isishuke sana. Pande mbili ziwe sawasawa.

Angalia furshi ya mbele. Mafuta ikivuja, badilisha jwe na mafuta pande zote mbili. Ni bei ndogo kuliko furshi mpya. Usitie mafuta chafu ya moteri. Mimi nilidharau kuvuja kidogo, mafuta ikafika kwenye breki, nikaanguka kwenye mtelemko na mke wangu nyuma.

Usizuie resori kwa mti ao mpira: mshituko wote unaingia kwenye kadre, nayo itapasuka.

Mwisho, punguza mzigo. Hakuna resori inayoshinda tamaa, na nyumbani wanakungoja.