Jeli ya Fedha na Kidonda cha Kibanjani

Panga likimteleza mtu kibanjani, Kayanga au Murongo, mara nyingi jirani huwahi na jani lililofikichwa kabla ya nesi. Sibezi tabia hiyo. Watafiti wa Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, akiwamo Profesa Mainen Moshi, walitembea Bugabo, Katoro na Kikuku wakiorodhesha mimea ya dawa ya Kagera, na ripoti zao zilitoka kati ya 2009 na 2012. Omubilizi unaoota Karagwe na Kyerwa ni miongoni mwa mimea ambayo sasa maabara huitumia kutengeneza chembe za madini ya fedha kwa ajili ya jeli za vidonda.

Wengi hudhani jeli hiyo ni dawa mbili zilizounganishwa, ya jani na ya fedha. Sivyo: kazi kubwa ya jani huishia jikoni. Majani huchemshwa, maji yake yakachujwa na kumiminwa kwenye myeyusho wa nitrati ya fedha. Polifenoli za mmea huzipa ioni za fedha elektroni. Atomi hukusanyika kuwa chembe zisizozidi nanomita 100, wakati unywele mmoja una unene wa nanomita 80,000 hivi. Myeyusho hugeuka kahawia, na kemikali za mmea huzivisha chembe zile koti zisigandane. Baada ya hapo muuaji ni fedha: huachia ioni zinazong'ang'ania protini za bakteria na kuharibu utando wake.

Kwa kuwa fedha hushambulia sehemu nyingi kwa pamoja, bakteria hupata taabu kuizoea. Taabu, lakini huweza: miaka ya 1970, salmonela sugu kwa fedha ilizuka katika wodi ya majeraha ya moto mjini Boston.

Jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, walichapisha mwaka 2021 utafiti wa chembe zilizotengenezwa kwa mmea wa chai na mti wa Prunus africana, zikadhibiti bakteria sugu maabarani. Kazi nzuri. Ila sahani ya maabara haina usaha wala nyama iliyokufa, na kuua bakteria si kufunga kidonda. Fedha ikizidi huumiza pia seli za ngozi changa. Krimu ya salfadayazini ya fedha, aliyoitambulisha Charles Fox mwaka 1968, imetibu majeraha ya moto duniani kote, lakini tathmini za baadaye zimeona mara nyingi huponya polepole kuliko bandeji za kisasa.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo hulipita. Mwaka 1962 George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba kidonda chenye unyevu huota ngozi haraka kuliko kilichoachwa kikauke. Jeli tupu, basi, yaweza kusaidia yenyewe. Utafiti usiolinganisha jeli yenye fedha na isiyo na fedha haujatuambia kitu. Tena majani ya masika si sawa na ya kiangazi, hivyo ukubwa wa chembe hubadilika, na dawa haiwezi kubadilika kila msimu.

Usijaribu kuipika nyumbani: nitrati ya fedha huunguza ngozi. Ukiuziwa jeli ya namna hii mnadani, uliza usajili wake kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Ukikatwa na panga, osha jeraha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, lifunike kwa kitambaa safi, kisha nenda zahanati ukaulize chanjo ya pepopunda siku hiyohiyo.