Kidole Kimoja, Fidia Mbili

Msumeno wa karakana ukikata kidole cha fundi mbao nchini Kenya, Sheria ya Mafao kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 haiulizi aliumia vipi moyoni wala alilia usiku ngapi. Ulemavu wa kudumu, hata ukiwa wa sehemu tu ya mwili, hupimwa kwa mambo mawili: asilimia ya ulemavu na mshahara wa mwezi.

Asilimia huanzia kwenye jedwali la sheria yenyewe. Kupofuka macho yote mawili ni 100. Kidole gumba kina uzito mkubwa kuliko kidole cha mwisho, maana bila gumba mkono haushiki kitu sawasawa. Jeraha lisilotajwa jedwalini, kwa mfano mgongo ulioumia kwa kubeba magunia, hukadiriwa na daktari, naye hatakiwi kutoa kiwango kinachokwenda kinyume na jedwali. Ugomvi mwingi huzuka hapo: daktari wa mfanyakazi aweza kuandika 12, wa kampuni ya bima akaandika 5.

Hesabu inayofuata ni nyepesi. Mshahara wa mwezi huzidishwa kwa 96, kisha huchukuliwa ile asilimia. Fundi wa Sh30,000 aliyepewa asilimia 10 atapata Sh288,000. Meneja wake wa Sh150,000, akipata jeraha lilelile na asilimia ileile, atalipwa Sh1,440,000. Kwa maneno mengine, kila asilimia moja ni karibu mshahara wa mwezi mmoja, kwa hiyo zile asilimia saba wanazobishania madaktari si jambo dogo.

Kinacholipwa basi ni kipato, si kiungo. Nakubali kuna mantiki, lakini fundi ndiye anayeishi kwa vidole vyake; meneja anaweza kurudi mezani na tisa vilivyobaki. Sheria imeliona hilo kidogo: jeraha likiwa na madhara mazito kupita kawaida kwa sababu ya aina ya kazi ya mtu, Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini anaweza kupandisha asilimia. Ombi la namna hiyo lahitaji maelezo ya kazi yenyewe, si cheti cha daktari peke yake.

Mshahara nao una mitego. Ovataimu ya kila mara huhesabiwa, ya kubahatisha haihesabiwi. Anayelipwa taslimu bila karatasi yoyote atapata taabu kuthibitisha kipato chake.

Zamani majeruhi wengi walikwenda mahakamani moja kwa moja kudai fidia ya maumivu. Desemba 2019 Mahakama ya Juu iliikubali sheria hii, na madai sasa huanzia kwa Mkurugenzi. Asiyeridhika na uamuzi wake ana siku 60 za kuupinga kwa maandishi. Akikataliwa, ana siku 30 za kukata rufaa katika mahakama ya masuala ya ajira.