Gurudumu la Mbele Si Jalala

Anayedhani kwamba tairi mbili za pikipiki lazima zifanane, aende akaitazame pikipiki mpya dukani kabla haijavuliwa nailoni. Mbele ataona tairi nyembamba yenye mifereji mirefu inayozunguka gurudumu zima. Nyuma ataona nene zaidi, ambayo mifereji yake imekatwa kukingama. Kwenye pikipiki nyingi za Kihindi na Kichina zinazofanya kazi ya bodaboda, ubavuni mwa tairi ya mbele pameandikwa 2.75 na ya nyuma 3.00, yaani upana kwa inchi, ikifuatiwa na 17 au 18, ambacho ni kipimo cha rimu. Kiwanda chenyewe kimechanganya, tena kwa makusudi.

Kwa hiyo ule ubishi wa vijiweni, kwamba ni kosa kufunga tairi ya kampuni hii mbele na ya kampuni ile nyuma, haunisumbui sana. Jozi iliyotengenezwa pamoja ni bora, hakuna anayekataa, lakini vipimo vikiwa sahihi na tairi zikiwa nzima, dereva wa pikipiki ya cc 125 anayetembea mwendo wa mjini hatapata taabu kubwa. Kinachonisumbua ni mchanganyiko mwingine, usiobishaniwa na mtu: tairi ya mbele inapoisha, ile ya nyuma iliyobakiza meno kidogo inahamishiwa mbele, mpya inafungwa nyuma, na kazi inaendelea.

Mantiki yake inaeleweka. Gurudumu la nyuma ndilo linalosukuma, ndilo linalobeba abiria na gunia la mkaa, ndilo linaloliwa haraka. Dereva aliye kwenye mkataba, mwenye hesabu ya kupeleka kwa bosi kila jioni, haoni sababu ya kutupa mpira ambao bado una uhai. Na kwa kuwa madereva wengi wanaiogopa breki ya mbele, wamezoea kuamini kwamba gurudumu la mbele linafuata tu.

Halifuati. Ukikamata breki, uzito wa chombo na watu unaegemea mbele, na zaidi ya nusu ya kazi ya kusimamisha pikipiki inafanywa na tairi ile nyembamba. Kona nayo inaanzia pale. Tairi ya nyuma ikiteleza, dereva mzoefu anaweza kulegeza mafuta, akanyoosha usukani, akabaki juu. Ya mbele ikiteleza, mara nyingi unajikuta chini kabla hujajua kilichotokea. Kati ya magurudumu mawili, hilo ndilo la kunyimwa masalia.

Sasa itazame tairi yenyewe inayohamishwa. Imetembea miezi kadhaa kwenye lami iliyonyooka, Kibaha hadi Mbezi, Mbezi hadi Kibaha, imeliwa katikati peke yake. Tairi ya pikipiki huundwa ikiwa na mgongo wa mviringo ili chombo kilale kwenye kona bila kushtuka. Hii mgongo wake umekuwa bapa kama kopo lililokanyagwa. Ikiwa mbele, pikipiki inakwenda sawasawa hadi unapoanza kukata kona. Hapo inafika kwenye ukingo wa ule ubapa na usukani unaanguka ndani ghafla. Abiria atadhani dereva amelewa.

Kuna na suala la mshale. Ubavuni mwa tairi nyingi pana mshale unaoonyesha upande wa kuzunguka. Wengi wanadhani ni wa kutoa maji tu. Mpira wa juu wa tairi umezungushwa na kuungwa mahali fulani, na kiungo hicho hulazwa kufuatana na nguvu itakayokijia. Nyuma nguvu kubwa ni ya injini kusukuma. Mbele nguvu kubwa ni ya breki, nayo inavuta kinyume. Ndiyo maana tairi zilizoundwa kufungwa popote huwa na mishale miwili inayopishana, mmoja wa mbele, mmoja wa nyuma, na ndiyo maana watengenezaji kadhaa wanaelekeza kwamba tairi ya nyuma ikifungwa mbele, igeuzwe. Simama karibu na fundi wakati anapandisha tairi kwenye rimu, umuulize mshale umeelekea wapi. Akikuuliza mshale gani, kaa hapohapo hadi amalize.

Upana nao una vituko vyake. Tairi nene kwenye rimu nyembamba inabanwa mabega, inachongoka, na sehemu inayogusa barabara inabadilika. Inaweza kusugua madigadi, hasa tope likijaa. Zaidi ya hayo, pikipiki nyingi ndogo huchukua kipimo cha mwendo kutoka gurudumu la mbele kwa waya. Tairi ikiwa na kimo kingine, mshale wa spidi unaanza kusema uongo.

Kinyume chake, yaani tairi ya mbele kupelekwa nyuma, ni hatari ya wazi zaidi. Soma ubavuni: 2.75-18 ya kawaida huandikwa 42P, na 3.00-18 iliyoimarishwa huandikwa 52P. Herufi P ni mwendo wa kilomita 150 kwa saa, ambao bodaboda haiufikii, kwa hiyo iache. Namba ndiyo ya kutazama: 42 ni kilo 150, 52 ni kilo 200. Pikipiki ina kama kilo 120. Ongeza dereva wa kilo 70 na abiria wawili wa namna hiyo, ile tunayoiita mishikaki, unafika 330, na sehemu kubwa ya uzito huo imekalia gurudumu la nyuma. Hata tairi sahihi inaelemewa. Sheria inaporuhusu abiria mmoja, tairi nayo inakubaliana na sheria.

Kwa wenzetu wa Tukuyu na Lushoto hesabu ni nyingine. Huko mvua ikinyesha, udongo unakuwa sabuni, na mtu anafunga tairi ya meno makubwa nyuma ili apande mlima, mbele anabakiza ya mistari. Atapanda, lakini usukani hautamsikia, kwa sababu mifereji ya mistari ikijaa tope inakuwa kipara. Wanaosafiri masafa marefu kwenye vumbi na tope aghalabu hufanya kinyume: mbele meno makali, nyuma ya wastani, kwa kuwa meno makubwa nyuma huliwa upesi yakikutana na lami. Ningekuwa naishi milimani ningefuata hao. Lakini mwenye meno akishuka hadi lami iliyolowa apunguze mwendo, maana mpira unaogusa chini ni mdogo.

Wenye pikipiki kubwa wana mwiko mmoja wa ziada. Tairi zao nyingi ni rediali, ambazo nyuzi za ndani zimepita moja kwa moja kutoka ubavu hadi ubavu badala ya kupishana mshazari. Pirelli ndio walioanza kuzitengenezea pikipiki, mwaka 1983. Zina herufi R katikati ya kipimo. Rediali mbele na ya mshazari nyuma haziivi chungu kimoja. Kinyume chake baadhi ya viwanda hukiruhusu, na kitabu cha pikipiki ndicho cha kuulizwa. Wapo hata Wamarekani wanaoifunga Honda Gold Wing tairi ya gari nyuma ili idumu. Wanajua wanachokifanya, au wanadhani wanajua. Tuwaache.

Kwa dereva wa kawaida mwenye pesa ya tairi moja tu, nunua ile ya gurudumu lililoisha, kwa kipimo kilichoandikwa, uifunge palepale. Nyingine iache mahali pake hadi mpira ufikie vile vijinundu vilivyomo ndani ya mifereji, penye alama ya TWI. Na siku unapotoka kwa fundi usijaribu kona: tairi mpya ina utelezi, na inahitaji kama kilomita 150 za upole kabla haijaanza kushika barabara sawasawa.