Jaribio la Mtandaoni Linapouliza: Una Uhakika Kiasi Gani?

Mtoto mwenye uzito wa kilo 12 anapofikishwa katika zahanati ya kijijini, tuseme Mkula, chini ya Milima ya Udzungwa, akiwa na dalili za malaria kali, huhitaji kuchomwa sindano ya artesuneti kabla ya kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Mtakatifu Fransisko mjini Ifakara. Je, kipimo chake ni miligramu 2.4 au 3 kwa kila kilo ya uzito?

Jibu sahihi ni 3. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) linaelekeza kipimo hicho kwa watoto wenye uzito chini ya kilo 20, kwa kuwa kile cha awali cha 2.4 hakikuwapatia dawa ya kutosha mwilini. Mtoto huyo anastahili miligramu 36; kwa kipimo cha zamani angepata 28.8.

Matabibu wawili wanaweza kukosea swali hilo katika jaribio la mtandaoni na wote wakapata sifuri, ilhali makosa yao hayafanani. Mmoja alibahatisha, na akiwa kazini huenda akafungua mwongozo au akampigia simu mwenzake. Mwingine alisomea kipimo cha zamani, ana uhakika kamili, wala haoni sababu ya kuuliza. Huyu wa pili ndiye wa kuhofiwa zaidi, na jaribio la kawaida haliwezi kumbaini.

Upo utaratibu wa usahihishaji unaoziba pengo hilo. Ulienezwa na Profesa Tony Gardner-Medwin wa University College London, aliyeanza kuutumia kwa wanafunzi wa udaktari katika miaka ya 1990. Kwa kila swali, mwanafunzi huchagua jibu, kisha hutaja kiwango cha uhakika wake: 1, 2 au 3. Akipatia, hupata alama 1, 2 au 3 kwa kufuata kiwango hicho. Akikosea, katika kiwango cha 1 hapotezi kitu, cha 2 hukatwa alama 2, na cha 3 hukatwa alama 6.

Adhabu hiyo huonekana kali, lakini imepigiwa hesabu. Kiwango cha 3 kinalipa pale tu uwezekano wa kupatia unapozidi asilimia 80, na cha 2 unapozidi asilimia 67. Mwanafunzi anayepatia maswali 5 kati ya 10 huku akijidai ana uhakika wa juu katika yote hupata alama 15 na kukatwa 30, hivyo hubaki na hasi 15. Mwenzake mwenye majibu yale yale, aliyekiri kubahatisha kwa kuchagua kiwango cha 1, hupata 5. Kwa hiyo kujitutumua hakulipi, na kujidharau pia hupoteza alama.

Utaratibu huu umo tayari ndani ya Moodle, mfumo unaotumiwa na vyuo kadhaa nchini, kikiwamo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Mkufunzi huuchagua katika mipangilio ya jaribio, na programu ya simu ya mfumo huo inaweza kuruhusu jaribio kufanywa bila intaneti na majibu kutumwa mtandao unapopatikana. Mahali pasipo na kompyuta wala simu, inatosha mwanafunzi kuandika 1, 2 au 3 pembeni mwa jibu lake kwenye karatasi.

Kazi kubwa humsubiri mkufunzi baada ya matokeo. Swali ambalo wengi wamelikosa katika kiwango cha 3 halimaanishi kwamba hawakusoma. Mara nyingi huonyesha kwamba walifundishwa jambo ambalo limeshabadilika.