Kikojozi si jina la mgonjwa wa tezi dume

Majuzi nikiwa kwetu Marani, mzee mmoja aliyerejea kutoka India, alikofanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume kwa roboti, aliniuliza kwa sauti ya chini: "Sasa Profesa, mimi ni kikojozi?" Tangu mpira wa mkojo utolewe, hakuwa amekanyaga kanisani.

Neno hilo lina makali. Kwa umbo lake, kikojozi yuko safu moja na kinyozi na kiongozi. Kinyozi hunyoa, kiongozi huongoza (baadhi yao), kikojozi hukojoa. Ni jina la mtu atendaye, tena kwa mazoea. Ndiyo maana watoto huchekwa kwalo.

Lakini mzee huyu hatendi lolote. Tezi dume huzunguka mrija wa mkojo, chini tu ya kibofu. Ikiondolewa, sehemu ya misuli inayofunga njia hiyo huondoka nayo, na kazi huachiwa msuli wa chini yake, ambao nao huenda umetikiswa na upasuaji. Roboti haiondoi hatari hiyo. Kwani haikati yenyewe, daktari ndiye anayeiendesha. Basi mgonjwa akikohoa au akiinua debe la maji, matone humtoka.

Kiswahili kina kitenzi chenye haki zaidi: kutokwa. Mtu hutokwa na jasho, hutokwa na damu, na hakuna anayemlaumu. Kiambishi -w- kinamwondolea utendaji. Aseme, "Ninatokwa na mkojo." Wanaopendelea "kushindwa kujizuia" nao wafikirie tena, maana kushindwa ni aibu nyingine.

Mtu akiweza kulitaja tatizo, ataelekezwa tiba. Mwaka 1948 daktari Mmarekani, Arnold Kegel, alieleza mazoezi ya misuli ya nyonga, akiwalenga wanawake waliojifungua. Siku hizi wanaume pia hufundishwa. Vitenzi viwili vinatosha: bana, legeza. Bana kama anayezuia upepo usitoke mbele ya wakwe, hesabu hadi 5, legeza kwa muda uo huo. Rudia mara 10, vipindi 3 kwa siku. Usikaze makalio, usizuie pumzi. Mazoezi huanza kabla ya upasuaji, husitishwa mpira ukiwa ndani, kisha huendelea. Na kabla ya kukohoa au kusimama, bana kwanza.

Wengi hupata nafuu baada ya miezi kadhaa, wengine huchukua mwaka. Anayeendelea kutokwa na mkojo baada ya hapo arudi kwa daktari. Upo upasuaji wa kuweka kifaa cha kubana mrija.